Shangazi, nimewabagua watu wa kwetu bila kujua

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 46, naishi Uyole hapa Mbeya. Nina duka la pembejeo, na huu ni mwaka wa sita nikiwa mwenyekiti wa kamati ya mikopo katika chama chetu cha akiba na mikopo. Nakuandikia kwa sababu karibu mwezi mzima sasa silali vizuri, na jambo lenyewe siwezi kumweleza mume wangu wala mchungaji wetu. Wote wananijua kuwa mtu wa haki. Hata mimi nilijijua hivyo.

Kwetu ni juu, upande wa milima ya Uporoto. Mimi ni Msafwa. Nilipoletwa mjini kwa mama mdogo kusoma darasa la tano, wenzangu walinipa jina la "Kiazi". Nikisimama kusoma kwa sauti, r na l zikigombana mdomoni, darasa zima linaangua kicheko na mwalimu naye anatabasamu. Nikajifunza kuzungumza upya, polepole, kila neno nalipima kabla halijatoka. Leo ukinisikia huwezi kujua nimetokea wapi. Lakini sikusahau, na nilipochaguliwa kwenye kamati nilijiambia kwamba mezani kwangu hakuna mtu wa mlimani atakayedharauliwa.

Mwezi wa tano alikuja mama mmoja anayelima viazi. Ilikuwa mara yake ya tatu kufuatilia mkopo uleule. Kanuni zetu zinataka wadhamini wawili, ila kuna kifungu kinachosema kamati inaweza kuongeza mdhamini pale inapoona inafaa, na yeye tulimtaka alete wa tatu. Aliweka fomu mezani akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama mwenyekiti, kwani sisi wa mlimani kwenu ni wezi?" Nilipandwa na hasira. Nikamwambia mimi pia ni wa mlimani, asiniletee maneno ya ukabila. Akaniangalia kidogo, akasema, "Ndiyo maana nashangaa." Akachukua kikapu chake akaondoka.

Jioni ile nilibeba mafaili ya miaka miwili nyumbani. Nilitaka kumwonyesha kwamba amekosea. Shangazi, watu tuliowadai mdhamini wa tatu walikuwa 14. Kati yao 11 ni wa mlimani.

Nikasema labda kuna sababu. Nikaanza kusoma maoni ya kamati, ambayo naandika mimi. Kwa mkulima mmoja wa Igoma niliandika, "Hana kipato cha uhakika." Kwa kinyozi wa hapa Uyole, ambaye naye hana mshahara wa mtu yeyote, niliandika, "Mchapakazi, anafahamika." Kwa baba mmoja wa mlimani mwenye duka na leseni niliandika, "Elimu ndogo, hataweza kutunza hesabu." Kwa fundi magari aliyeishia darasa la saba kama yeye niliandika, "Ana uzoefu wa kazi." Mwandiko ni wangu wote. Nikaenda kwenye marejesho. Wale wa mlimani waliofanikiwa kupata mdhamini wa tatu wakapewa mkopo, wote wanalipa. Waliochelewesha mpaka tukaandikiana barua ni wawili, wote wa mjini, na hao sikuwadai mtu wa tatu.

Binti yangu wa kidato cha pili alikuwa ananisaidia kupanga karatasi. Nilipomweleza nilichokiona akasema, "Mama, mbona hata mimi unanikataza kuongea Kisafwa na bibi kwenye simu wateja wakiwepo dukani?" Sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku hiyo nimekuwa naona na mambo mengine. Akiba yangu inaniruhusu kukopa hadi milioni 15, lakini sijawahi kuomba zaidi ya milioni tatu. Mwaka jana wanachama waliniomba nigombee uenyekiti wa bodi, nikasema nafasi ile inataka mtu aliyesoma. Aliyechaguliwa ana kidato cha nne, sawa na mimi. Nilikuwa naita hali hiyo unyenyekevu.

Je, mimi ni mbaguzi? Mtu anaweza kubagua bila kujua kwamba anabagua? Nimeomba, nimejichunguza moyo wangu wote, sioni chuki hata chembe. Mkutano mkuu ni mwezi wa tisa. Nijiuzulu kabla?

Mama wa Uyole

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Na kutoka huku Iringa nakusalimia: kamwene.

Wewe unauza pembejeo, kwa hiyo lumbesa unaijua kuliko mimi. Mnunuzi anafika shambani, gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu juu yake kinajengwa kilima kingine cha viazi na kushonewa kamba. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Mkulima anatoa zaidi ya hapo na kulipwa gunia moja. Sasa mwulize dalali kama yeye ni mwizi. Atakasirika, tena kwa dhati, maana yeye hajamwibia mtu. Amelikuta gunia la viazi liko hivyo, na kila anayemfahamu analijaza hivyo. Macho yake yamezoea kilima kile kiasi kwamba gunia la kilo 100 analiona limepungua.

Mdhamini wa tatu ni lumbesa ya kamati yako. Mtu wa mlimani alipokuja na wadhamini wawili, jicho lako lilimwona amepungua.

Unasema umeuchunguza moyo wako wote na hukuona chuki. Nakuamini kabisa. Tatizo ni kwamba jambo hili halikai mahali ulipotafuta. Mwaka 2002 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Emily Pronin, Daniel Lin na Lee Ross, waliwaeleza watu aina mbalimbali za upendeleo unaopotosha maamuzi ya binadamu, kisha wakawauliza: upendeleo huu unampata mtu wa kawaida kwa kiasi gani, na wewe je? Watu wakasema unawapata wengine zaidi kuliko wao. Katika kazi zake zilizofuata, Pronin alieleza inakuwaje. Tukitaka kujua kama jirani amependelea, tunatazama alichofanya. Tukitaka kujua kama sisi tumependelea, tunajitazama ndani, tunakuta nia njema, tunafunga kesi. Wewe ulifanya hivyo siku yule mama alipokuuliza swali. Ulijitazama ndani, ukakuta mtoto aliyeitwa Kiazi, ukasema haiwezekani.

Usiku ukafanya jambo ambalo watu wachache wana ujasiri wa kulifanya: ukafungua mafaili. Nataka ujue kwamba hilo ndilo lililokufikisha kwenye ukweli, kuliko maombi ya mwezi mzima. Sidharau maombi, mimi mwenyewe ni mtu wa kanisani. Ila kuna vitu Mungu ametuachia tuvihesabu.

Ngoja nikueleze habari ya soksi, kwa sababu inagusa zile sababu ulizokuwa unaandika kwenye fomu. Mwaka 1977 Richard Nisbett na Timothy Wilson, wa Chuo Kikuu cha Michigan, walichapisha utafiti ambao sehemu yake ilifanyika dukani. Waliweka mezani jozi nne za soksi ndefu za kike, zimepangwa kushoto kwenda kulia, wakawaomba wapita njia wachague iliyo bora na waseme kwa nini. Watu wakazishika, wakazivuta, wakachagua. Jozi ya mwisho kulia ilichaguliwa na asilimia 40. Ya kwanza kushoto, asilimia 12. Walipoulizwa sababu walisema hii imesukwa vizuri zaidi, hii ni laini, hii ina rangi nzuri. Jozi zote nne zilikuwa za aina moja, hazitofautiani kwa lolote. Na walipoulizwa kama huenda mahali soksi ilipowekwa pamewaathiri, karibu wote walikana, wengine wakamtazama aliyeuliza kana kwamba kichwa chake hakiko sawa.

Wale hawakuwa waongo. Uamuzi ulitoka mahali wasipopaona, kisha akili, ambayo haipendi kukaa bila sababu, ikawatafutia sababu inayofaa, nao wakaiamini kwa sababu ilitoka kwao wenyewe. "Hana kipato cha uhakika" ni sababu ya namna hiyo, mwanangu. Ulipoiandika uliiamini. Lakini kama kipato kisicho cha uhakika ndicho kilichokusumbua, kingekusumbua na kwa kinyozi.

Kuna utafiti mwingine unaofanana na mafaili yako kiasi kwamba nilipoisoma barua yako niliukumbuka palepale. Eric Uhlmann na Geoffrey Cohen waliuchapisha mwaka 2005. Waliwapa watu kazi ya kutathmini waombaji wa ukuu wa polisi. Kulikuwa na mwombaji mwenye elimu nzuri, na kulikuwa na mwombaji aliyeijua mitaa na kuzoea kazi ngumu. Katika baadhi ya karatasi mwenye elimu alikuwa mwanamume, katika nyingine alikuwa mwanamke. Mwanamume alipokuwa ndiye mwenye elimu, watathmini walisema kazi ya mkuu wa polisi inahitaji sana elimu. Alipokosa elimu, elimu ikashuka thamani machoni mwao. Kipimo kilikuwa kinamfuata mtu badala ya mtu kukifuata kipimo. Hawakuona kama wamebadilisha chochote. Kila mmoja alidhani amepima sifa tu. Na katika utafiti huohuo, waliojiona ni watu wasiopendelea ndio walioonyesha upendeleo zaidi.

Soma tena maneno yako mwenyewe. Mwenye duka wa mlimani alipungukiwa elimu, na elimu ikawa kitu kikubwa. Fundi magari alipungukiwa elimu ileile, na uzoefu ukaja kumwokoa.

Sasa swali lako: je, wewe ni mbaguzi? Ulichofanya ni ubaguzi. Neno hilo sitalilainisha, kwa sababu waliolipa gharama yake ni watu 11 waliozunguka kwa ndugu na majirani wakiombaomba mtu wa tatu wa kuwawekea saini, na unajua kwetu ilivyo fedheha kumwendea mtu unamwomba akudhamini. Wengine, kwa ulivyoeleza, hawakumpata, na msimu ukapita. Lakini hukuwa na nia hiyo, na tofauti hii ina maana kubwa kwa kinachofuata. Aliyebagua kwa chuki anahitaji kugeuza moyo. Moyo wako umeshageuka, tena ulikuwa upande wao tangu ukiwa darasa la tano. Ukitubu ukaishia hapo, kesho mkono utaandika yaleyale.

Usishangae pia kwamba wewe ni wa kwao. Mwaka 2012 Corinne Moss-Racusin na wenzake waliwapelekea wahadhiri 127 wa sayansi nchini Marekani maombi ya kazi ya kusimamia maabara. Maombi yalikuwa yaleyale neno kwa neno, isipokuwa nusu yalikuwa na jina la John na nusu jina la Jennifer. John alionekana hodari zaidi na akapendekezewa mshahara wa dola 30,238 kwa mwaka, Jennifer 26,508. Wahadhiri wanawake walimpunja Jennifer sawasawa na wanaume. Nao walikuwa wamepita palepale Jennifer alipokuwa anataka kupita. Tunakunywa maji ya kisima kimoja, aliyekichimba na aliyechimbiwa.

Nami nina la kwangu, na nalisema kwa sababu hukustahili kubaki peke yako na hili. Nilifundisha sekondari miaka mingi huku Iringa. Nilikuwa na kijana mmoja ambaye kaka yake nilimfundisha kabla yake, na kaka yake alikuwa mtoro na mkorofi. Insha za huyu mdogo nilizipa 50, 52, 48. Mwalimu mwenzangu akapendekeza tusahihishe mitihani ya ndani kwa namba bila majina, kama NECTA wanavyofanya kwenye mitihani ya taifa. Insha moja nikaipa 71. Tulipofungua orodha, namba ile ilikuwa ya kijana yule. Fikra yangu ya kwanza ilikuwa kwamba amenakili kwa mwenzake. Nilichukua daftari lake la zamani nikasoma insha zile tena usiku, nikakuta zimekuwa nzuri muda wote. Kwa miaka miwili nilikuwa nasahihisha sura ya kaka yake. Nilimwomba radhi, akasema, "Hamna shida, mwalimu," na macho yake yakaangalia chini. Mpaka leo naomba iwe kweli kwamba hamna shida.

Nimekueleza hayo ili uone kilichonitoa shimoni. Kuamua kumpenda yule kijana kusingetosha. Kilichonitoa ni namba juu ya karatasi.

Kabla sijafika kwenye ya kufanya, nataka tuzungumze juu ya ile sehemu ya barua uliyoiandika upesi upesi, kana kwamba ni nyongeza tu. Mkopo wa milioni tatu. Bodi. Simu ya bibi. Kwangu mimi hilo ndilo jeraha lenyewe, na yale mafaili ni mahali damu ilipotokea.

Mizani iliyowapima wale 11 imekuwa ikikupima wewe kwanza, tena kila siku. Kenneth na Mamie Clark, mume na mke, wanasaikolojia weusi wa Marekani, walilionyesha hili kwa watoto wadogo. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1947 waliwaonyesha watoto 253 weusi, wa miaka mitatu hadi saba, wanasesere waliofanana isipokuwa rangi. Nipe mwanasesere mzuri. Nipe anayeonekana mbaya. Watoto wengi walimchagua mweupe kuwa mzuri, na mweusi kuwa ndiye anayeonekana mbaya. Mwishoni walikuwa wanaambiwa: nipe anayefanana na wewe. Kenneth Clark alisimulia kwamba wapo waliolia na kukimbia kutoka chumbani walipofika kwenye swali hilo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliitaja kazi ya Kenneth Clark mwaka 1954 ilipopiga marufuku kutenganisha shule kwa rangi. Mtoto wa miaka mitano hakufundishwa na mzazi wake kujidharau. Aliokota kidogo kidogo, kwenye picha, kwenye vicheko, kwenye tabasamu la mwalimu.

Mimi ni Mhehe. Ukitaja Iringa ukiwa Dar es Salaam, watu wengi kitu cha kwanza kinachowajia ni dada wa kazi. Jambo hili lina historia. Enzi za Mwingereza nyanda zetu zilikuwa mahali pa kuchota vibarua. Vijana wa Njombe na kwingineko walisombwa kwenda mashamba ya mkonge kama manamba, na baadaye mabinti wakafuata njia za mijini kufanya kazi za ndani, kwa sababu nyumbani fedha haikuwepo. Watu waliona matokeo ya umaskini miaka mingi, wakaacha kuuliza sababu, wakasema ndivyo watu wa Iringa walivyo. Mimi nikiwa mwalimu tayari, nimeajiriwa, nilikwenda Dar es Salaam kwa ndugu. Akaja mgeni, akasikia natokea Iringa, akaniambia, "Hebu niletee maji ya kunywa, na sufuria zile pale usisahau." Nikasimama. Nikaleta maji. Nikaosha na sufuria. Kazi ya ndani ni kazi ya heshima, na wadogo zangu wawili wameifanya. Si hiyo iliyoniuma. Kilichoniuma nilipokuwa njiani kurudi ni jinsi nilivyosimama haraka, kana kwamba sehemu fulani ndani yangu ilikuwa inamsubiri mtu aje anitume.

Wewe umesimama haraka hivyohivyo, mwanangu. Wanachama walikuomba ugombee, ukajiambia kazi ile inataka msomi. Halafu akachaguliwa mwenye cheti kama chako. Angekuwa mwombaji mwingine mezani kwako ungeandika "ana uzoefu": miaka sita ya kamati ya mikopo, duka lake mwenyewe, akiba isiyotetereka. Ulijidai mdhamini wa tatu, na ulipomkosa ukaliita jambo hilo unyenyekevu. Mnyenyekevu anajua thamani yake na hataki kuipigia kelele. Wewe thamani yako ulikuwa huijui.

Haya, tufanye nini.

Usijiuzulu. Ukiondoka, kifungu cha "inapoona inafaa" kitabaki, na atakayekaa kwenye kiti chako atakuwa na macho yaleyale bila kuwahi kufungua mafaili. Wala usikimbilie kuandaa semina ya siku moja ya kuwafundisha wajumbe wasibague. Mwaka 2016 Calvin Lai na wenzake walipima njia tisa za kupunguza upendeleo uliojificha. Zote zilifanya kazi palepale. Baada ya saa chache au siku chache hakuna iliyokuwa imebakiza athari. Ule mtihani wa kompyuta ambao Anthony Greenwald na Mahzarin Banaji waliutangaza mwaka 1998, wa kubofya maneno haraka haraka ili kuona akili inaunganisha nini na nini, usiufanye kuwa hukumu. Banaji mwenyewe amesimulia jinsi alivyoshtushwa na matokeo yake. Lakini matokeo ya mtu mmoja hubadilika akiurudia, na wewe huhitaji kompyuta ikuambie ambacho mafaili 14 yameshakuambia.

Badilisha utaratibu. Wale Uhlmann na Cohen walijaribu jambo moja zaidi: waliwataka watathmini waseme kipi ni muhimu kwa kazi ile kabla ya kujua mwombaji ni mwanamume au mwanamke. Upendeleo ukatoweka. Hii ndiyo dawa niliyo na imani nayo. Kaa na kamati kabla ya fomu yoyote kufika mezani, mwandike vigezo na uzito wa kila kimoja: miezi aliyoweka akiba, hisa, rekodi ya marejesho, kiasi anachoomba kikilinganishwa na akiba yake. Sharti la mdhamini wa tatu lifungwe kwenye kiasi cha fedha. Mkopo ukizidi kiwango fulani kila mtu alete wa tatu, awe daktari au mkulima, na usipozidi asidaiwe mtu. Katibu afunike jina, kijiji na kazi, aandike namba. Mpe kila mwombaji alama, ziandikwe kwa kalamu, ndipo mfunue na kumwita kwa mazungumzo. Atakayetaka kubadilisha alama baada ya kuona sura aandike sababu na kutia saini yake.

Najua mjumbe mmoja atasema kilimo cha viazi kina hatari ya kweli, bei inaanguka wakati wa mavuno na lumbesa inakula faida. Ana hoja, msimpuuze. Lakini hatari ya bei inatibiwa kwa kupanga marejesho yafuate mavuno, na mdhamini wa tatu hapandishi bei ya viazi hata kwa shilingi kumi. Halafu kila baada ya miezi mitatu mhesabu tena: waliokubaliwa, waliokataliwa, walioongezewa masharti, wanatoka wapi. Dakika 30 zinatosha. Msipohesabu mtarudi mlipokuwa, na mtarudi mkiwa na amani kabisa moyoni.

Kwenye mkutano mkuu sema wewe mwenyewe. Waeleze wajumbe kwanza, kikaoni, uwape nafasi ya kushtuka faraghani. Kisha mbele ya wanachama soma idadi zile, sema maoni yale niliandika mimi, na huu ndio utaratibu mpya. Usilie mbele yao ukiweza kujizuia. Machozi yako yatawafanya watu wa mlimani wakubembeleze, na siku hiyo zamu ya kubembelezwa ni yao.

Lakini yule mama usimsubirishe mpaka mwezi wa tisa. Panda juu wiki hii. Usimwite ofisini. Ukifika usianze na historia yako ya darasa la tano. Hiyo ataisikia siku nyingine akitaka. Mwambie, "Uliniuliza swali nikakujibu kwa hasira. Nimeangalia mafaili, ulikuwa na haki." Mweleze kwamba unapeleka fomu yake kikaoni upya ikiwa na wadhamini wake wawili, kama kanuni inavyosema. Akikaa kimya, kaa naye kimya. Wale wengine wafuate mmoja mmoja, hasa ambao hawakupata mkopo.

Nenda na binti yako. Alikuambia ukweli ambao watu wazima wote wa kamati hawakukuambia, na anastahili kuona unaufanyia nini. Huko juu ongea Kisafwa mbele yake, mbele ya watu. Mkirudi dukani, bibi akipiga simu mteja akiwepo, mpe binti simu aongee kwa sauti yake ya kawaida.

Na fomu yako ya mkopo ijaze sasa. Katibu aifunike jina kama za wengine, na siku inapojadiliwa wewe utoke nje ya chumba. Omba kiasi ambacho duka linahitaji, hata kama ni milioni 15 zote, ili mbolea ya msimu uinunue kabla mvua hazijaanza na bei haijapanda.